Takriri au Mfuatano? Mahadhi Yanayohama Ngazi katika Uhakiki wa Nyimbo

Mwanafunzi wa fasihi anapopewa wimbo auchambue, jambo la kwanza analolifanya ni kuyanakili maneno yake. Huyapanga katika mistari, huhesabu mizani pale inapohesabika, hupiga mstari chini ya kila kinachorudi, kisha huandika pembeni neno moja: takriri. Kutoka hapo uchambuzi huendelea kwa njia iliyokwisha zoeleka. Takriri hutia mkazo, takriri hukumbusha, takriri huwaunganisha waimbaji na wasikilizaji. Yote hayo ni kweli, wala hakuna sababu ya kuyakana. Lakini karatasi ile imekwisha acha nje nusu ya kazi, kwa maana wimbo haukurudia maneno peke yake. Ulirudia pia sauti, na mara nyingi haukuzirudia mahali pale pale.

Jambo linalohusika hapa ni lile ambalo vitabu vya nadharia ya muziki vya Kifaransa huliita marche. Kipande kifupi cha mahadhi hutajwa. Kisha, bila kungoja, hutajwa tena na sauti ile ile, lakini kikianzia ngazi nyingine, juu zaidi au chini zaidi. Kipande cha kwanza huitwa kielelezo, na kila kinachokifuata huitwa nakala. Masharti ni machache, ila yote ni ya lazima. Nakala ikiimbwa na sauti nyingine, hiyo si marche tena bali ni mwigo. Ikija baada ya mambo mengine kupita katikati, ni kumbukumbu tu. Na ikianzia ngazi ile ile ya kielelezo, hapo ndipo pana takriri kwa maana yake halisi.

Neno la Kifaransa lina bahati ya kubeba maana mbili ambazo zote zinafaa: ni mwendo wa miguu, na pia ni kidato kimoja cha ngazi ya nyumba. Kiswahili hakijapata neno moja la namna hiyo. Mfuatano peke yake ni neno pana mno, kwa kuwa hakuna mahadhi yasiyokuwa mfuatano wa sauti. Marudio huleta dhana ya kurudi pale pale, na hilo ndilo kosa lenyewe linalotakiwa kuepukwa. Mfuatano wa ngazi unaelekea kufaa zaidi, ingawa ngazi nayo ni neno lenye mizigo mingi: hutumika kwa safu nzima ya do re mi, hutumika kwa kila sauti moja ya safu hiyo, na katika vyuo vikuu hutumika pia kwa vyeo na mishahara. Hata hivyo maana iliyokusudiwa haipotei, na ndilo litakalotumika hapa.

Mfano ulio mwepesi kuliko yote unajulikana hata na wasiowahi kukaa mbele ya piano. Simfonia ya tano ya Beethoven, iliyosikika kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwezi Desemba 1808, inaanza kwa sol tatu fupi na mi bemoli ndefu, halafu fa tatu fupi na re ndefu. Kila msikilizaji husema kwamba kipande cha kwanza kimerudiwa. Kimerudiwa vipi? Katika kipande cha pili hamna sol, wala hamna mi bemoli. Hakuna noti hata moja ya kielelezo iliyorejea katika nakala. Kilichorejea ni umbo: mapigo matatu mafupi, moja refu, na kushuka mwishoni. Tena umbo lenyewe halikurejea kwa vipimo sawasawa. Kutoka sol hadi mi bemoli ni nusu-toni nne. Kutoka fa hadi re ni tatu. Mtu angepima kwa rula angesema kwamba ni vitu viwili tofauti. Sikio linakataa, nalo ndilo lililo na haki.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na inafaa kukaa kidogo. Wanadharia hutofautisha mfuatano unaohifadhi vipimo vyote vya kielelezo, ambao kwa hiyo hulazimika kutoka nje ya safu ya sauti ulimoanzia, na mfuatano unaobaki ndani ya safu na kuacha vipimo vibadilike kidogo kila unapohama. Wa pili ndio unaopatikana kwa wingi zaidi. Katika Invensheni ya kwanza ya Johann Sebastian Bach, iliyomo katika hati ya mwaka 1723, mfuatano unaoanzia kipimo cha tatu unaonyesha hali hiyo kwa uwazi usio na kifani. Mkono wa kulia unaushika mwanzo wa kipande, unaupindua uende chini badala ya juu, kisha unauteremsha hatua kwa hatua, na kila nakala inaanza sauti mbili chini ya ile iliyoitangulia. Kila mara sauti nne za mwanzo zinashuka moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza nusu-toni imo mwishoni mwa mteremko huo. Mara ya pili imo mwanzoni. Mara ya tatu imo katikati. Hakuna hata mbili kati ya hizo tatu zenye vipimo sawa, na hakuna msikilizaji anayetilia shaka kwamba kinachosemwa ni kitu kimoja.

Msemaji wa Kiswahili ana njia ya karibu ya kulielewa jambo hili kuliko ile inayotolewa katika vitabu. Mtu wangu mzuri, kitu changu kizuri, nyumba yangu nzuri: umbo la kirai ni moja, na mtoto mdogo anayejifunza lugha hulitambua kabla hajajua sarufi ni nini. Lakini kila kirai kimekubali kiambishi cha ngeli yake, na kwa hiyo hakuna hata kimoja kilicho nakala kamili ya kingine. Safu ya sauti hufanya kazi ya ngeli. Kielelezo kinapohamia ngazi nyingine hupokea upatanisho wa ngazi hiyo, nusu-toni huhama kama kiambishi kinavyobadilika, na umbo hudumu. Mahadhi yanayokataa upatanisho huo na kushikilia vipimo vyake vya awali hulazimika kuhamia nchi nyingine, yaani ufunguo mwingine.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi uhakiki umekuwa ukilitafutia jambo hili jina katika sanduku lisilo lake. Istilahi za ushairi zina neno linalolingana nalo zaidi kuliko takriri, nalo ni usambamba: miundo inayofanana, iliyojazwa vitu tofauti, na kuwekwa kandokando ili kila mmoja umwangazie mwenzake. Mfuatano wa ngazi ni usambamba wa sauti. Tofauti hiyo si ya majina tu. Takriri husimamisha wakati. Humrudisha msikilizaji pale alipokuwa. Usambamba husogea. Anayeandika takriri pembeni mwa mahadhi yanayoshuka ngazi nne amewaambia wasomaji wake kwamba wimbo umesimama, ilhali unakwenda.

Ichukuliwe sentensi iliyotungwa kwa ajili ya kueleza tu, isiyotoka katika wimbo wowote: walitembea, walipotea, walirejea. Maneno hayo yana usambamba wa wazi. Yakiimbwa yote matatu kwa sauti zile zile, mahadhi yanakuwa takriri chini ya maneno yanayosonga, na mwenye kusikia huhisi kwamba safari ile ilikuwa ya bure, kwani kupotea na kurejea vimekuwa sawa. Yakiimbwa kwa kushuka ngazi moja kila mara, kurejea kunakuwa ndiko chini kabisa, kama mtu aketiye baada ya safari. Yakipandishwa, kurejea ni kilele. Kisha ichukuliwe hali iliyo kinyume: neno walipotea likariri mara tatu, huku mahadhi yakishuka. Karatasi itaandika takriri, na haitakosea. Lakini kwenye sikio upotevu ule umeongezeka kina mara mbili, jambo ambalo maneno hayakulisema. Hali zote hizo, mbele ya mhakiki mwenye maneno peke yake, hupunguka zikawa mbili tu: yaliyorudiwa na yasiyorudiwa.

Wasomaji wanaokijua Kifaransa wanao mfano mkubwa unaokaribia kuwa wa kila nyumba, nao ni wimbo wa Les feuilles mortes, maneno ya Jacques Prévert na muziki wa Joseph Kosma, uliohusiana na filamu ya Les Portes de la nuit ya mwaka 1946. Kiitikio chake kimejengwa juu ya kielelezo kimoja: sauti tatu zinapanda kwa hatua, kisha mruko wa kwenda juu mpaka kwenye noti ndefu. Kielelezo hicho kinatajwa mara nne, na kila mara ngazi moja chini zaidi. Maneno ya vipande vinne si yale yale. Uchambuzi wa karatasi usingeona hapo takriri yoyote ya kuandika. Mahadhi ndiyo yanayoyafunga. Ajabu yenyewe iko katika mara ya nne. Mara tatu za mwanzo mruko ule una nusu-toni tano. Mara ya nne una nne tu. Kila kipande kinajitahidi kupanda, kila kimoja kinaanzia chini kuliko mwenzake, na cha mwisho hakiwezi tena kuruka kimo chake cha kawaida. Wimbo unaozungumzia mapenzi yaliyokwisha hauhitaji kueleza zaidi. Aliyesoma maneno tu amekisoma kisa. Aliyefuata mruko wa nne amekiona kikitokea.

Si kila mfuatano ulio na sifa hiyo, na ingekuwa udhaifu wa uhakiki kuusifu mbinu kwa sababu tu imepewa jina jipya. Wanamuziki wa Ulaya wenyewe waliudhihaki tangu zamani. Wajerumani walikuwa na neno lenye maana ya kiraka cha fundi viatu, wakiuita hivyo mfuatano unaopandishwa ngazi moja moja bila fikra, kipande juu ya kipande, kama ngozi iliyoshonwa mahali palipotoboka. Mwaka 1819 mchapishaji Anton Diabelli wa Vienna aliwatumia watunzi wengi kiwalisi chake kidogo, kila mmoja atunge badiliko moja. Kwa mujibu wa masimulizi ya Anton Schindler, ambaye habari zake hazifai kuaminiwa zote, Beethoven alikicheka kiwalisi hicho kwa jina hilo hilo la kiraka cha fundi viatu. Lisilo na shaka ni kwamba mwaka 1823 yalichapishwa mabadiliko 33 aliyoyatunga juu yake, na kwamba viraka vile vya Diabelli ni miongoni mwa vitu alivyovishika, akavifumua na kuvishona upya. Mbinu ileile ilikuwa uvivu mkononi mwa mmoja, na mali ghafi mkononi mwa mwingine.

Kinachotofautisha ni nini? Walimu wa utunzi huwaonya wanafunzi wao wasizidishe nakala mbili au tatu, na onyo hilo lina hekima, kwa sababu baada ya nakala ya pili msikilizaji amekwisha ijua kanuni na anaweza kumaliza kazi mwenyewe. Lakini hesabu peke yake haitoshi, kama inavyoonekana kwa Kosma aliyefika mara ya nne bila kuchosha. La muhimu zaidi ni mahali mfuatano unapovunjika. Beethoven anauvunja mara tu nakala ya kwanza inapomalizika, kwa noti iliyoshikiliwa kupita kipimo. Kosma anauvunja kwa ndani, kwa nusu-toni moja iliyopungua. Mfuatano usiovunjika popote, ukaisha tu kwa sababu pumzi imeisha, ndio unaostahili jina la kiraka. Kwa hiyo mhakiki anayetaka kuhukumu, badala ya kuorodhesha tu, hana budi kuutazama ukingo wa mwisho kwa makini zaidi kuliko mwanzo.

Kuna upande mwingine unaowahusu kwa karibu wale wanaosoma nyimbo za Kiswahili katika nchi yenye lugha nyingi kama Kongo. Kiluba na Kibemba ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti katika neno ni sehemu ya neno lenyewe. Mtunzi katika lugha ya namna hiyo hawezi kuyaweka maneno mapya chini ya kielelezo cha zamani bila kuuliza kama toni zake zinakubaliana nacho. Ila mfuatano wa ngazi haumletei shida aliyoweza kuiogopa, kwa kuwa unahifadhi mkondo wa kielelezo, juu kwa juu na chini kwa chini. Unahamisha tu kimo chake chote. Tena, katika lugha nyingi za toni za Afrika, sauti za juu katika sentensi ya kawaida huzidi kuteremka kadiri sentensi inavyoendelea. Mfuatano unaoshuka, basi, unakwenda njia moja na usemi. Unaopanda unakwenda dhidi yake, na kwa hiyo una uzito wa jambo lisilo la kawaida. Wachunguzi wengi wa muziki wa Afrika wameandika kuhusu wingi wa mahadhi yanayoanzia juu na kuteremka. Si lazima usemi uwe ndio sababu pekee, lakini anayelipita jambo hilo kimya ameacha kitu cha maana.

Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kina mkazo, nao una makao yake katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi ana uhuru wa kuyapeleka mahadhi popote, juu au chini, bila maana kuharibika. Gharama ya uhuru huo hulipwa penginepo. Kielelezo kama kile cha Kosma, chenye sauti tatu nyepesi na ya nne nzito, kinakifaa Kifaransa, ambacho huweka uzito mwishoni. Neno la Kiswahili la silabi nne likipachikwa hapo, silabi yake ya mwisho, ambayo katika usemi ni dhaifu, hupewa noti ndefu, na ile iliyostahili kubeba uzito hupita haraka kama mgeni. Kinachohitajika ni sauti ya tano nyepesi baada ya ile nzito, ili walitembea na walirejea yakae vizuri na mbe na je zipate haki yake. Tenzi zilizofasiriwa kutoka lugha za Ulaya zimejaa migongano ya aina hii, na waumini wamekwisha izoea hata hawaisikii. Lakini penye mfuatano wa ngazi mgongano hauji mara moja. Kosa la kielelezo hunakiliwa pamoja na kielelezo, na mkazo uliopotoka katika kipande cha kwanza utasikika umepotoka mara tatu au nne, kila mara katika kimo kipya. Mfasiri wa nyimbo asiyejua mahali mfuatano ulipo hajui ni silabi zipi alizopaswa kuzilinda kuliko nyingine.

Ni vema pia kuweka mpaka upande wa pili, maana ari ya kugundua mfuatano kila mahali ni ugonjwa kama ule wa kuandika takriri kila mahali. Magitaa ya Katanga ni mfano wa kutosha. Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, na aliyefariki mwaka 1990, aliacha katika kipande chake cha Masanga sanaa iliyosimama juu ya mzunguko: muundo unarudi, vidole vinaubadilisha, unarudi tena. Kurudi huko ni kurudi kweli, na uzuri wake umo katika kile kinachobadilishwa ndani ya mzunguko usiohama. Kuupa jina la mfuatano wa ngazi kwa kutaka kumpandisha mpiga gitaa hadi kwenye kiti cha Bach ni kumnyima kiti chake mwenyewe. Hapa neno takriri lingekuwa karibu zaidi na ukweli, mradi lisitamkwe kwa sauti ya dharau, kana kwamba kinachorudi hakina kazi.

Mpaka huo haukujulikana kwa kusoma maneno. Ulijulikana kwa sababu David Rycroft alikaa na rekodi hizo, akaziandika noti kwa noti, na kuzichapisha katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Katika mazungumzo ya vyuoni husikika mara kwa mara hoja kwamba kazi ya namna hiyo ni ya wanamuziki, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili asiyesoma noti asitwikwe mzigo usio wake. Hoja hiyo inajibika. Wengi wa wanafunzi hao huimba kwaya kila Jumapili, na do re mi wanazijua tangu utoto. Hakuna anayewadai karatasi yenye mistari mitano. Inatosha juu ya kila mstari wa maneno kuandika ngazi ambayo kipande kinaanzia, na alama ndogo ya kupanda au kushuka. Katika wimbo wa mikondo minne, hizo ni alama nne.

Kuna nyimbo ambazo bila alama hizo hazina la kuhakikiwa kabisa. Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958 na kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin la Kamina chini ya Padri Guido Haazen, inaimbwa kwa Kilatini, na maneno yake ni yale yale ya Misa zote za lugha hiyo tangu karne nyingi. Mwenye kuyanakili, kuyapanga katika mistari na kupiga mstari chini ya yanayorudi atapata matokeo yale yale aliyoyapata kwa Misa iliyotungwa Roma au Vienna: Kyrie mara tatu, Christe mara tatu, Kyrie mara tatu. Kamina haimo katika karatasi yake.